Satelaiti Haihesabu Miti

Novemba 2024 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Anga ya Brazil, INPE, ilitangaza kwamba ufyekaji wa msitu wa Amazon nchini humo ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 30 katika mwaka ulioishia Julai, hadi kilomita za mraba 6,288. Miezi sita baadaye, Mei 2025, zikatoka takwimu za Chuo Kikuu cha Maryland cha Marekani kupitia Global Forest Watch, tovuti ya kufuatilia misitu: nchi za tropiki zilipoteza hekta milioni 6.7 za misitu ya asili mwaka 2024, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na Brazil peke yake ilipoteza hekta milioni 2.8. Ukizigeuza zile kilomita za INPE kuwa hekta, unapata kama laki sita na elfu thelathini. Tofauti inazidi mara nne. Wapo walioona kwamba serikali imeficha, na wapo walioona kwamba wanaharakati wametia chumvi. Nawaelewa wote wawili, lakini wamejikwaa kwenye kisiki kimoja. Hakuna aliyedanganya. Takwimu zote mbili zimetokana na picha za angani, tena kwa sehemu kubwa za satelaiti zilezile za Marekani ziitwazo Landsat, na kila moja ni sahihi kwa swali lake.

Maswali ndiyo yaliyotofautiana. Mfumo wa INPE unaoitwa PRODES huhesabu mahali ambapo msitu umeondolewa kabisa, katika vipande visivyopungua hekta 6.25, ndani ya Amazon ya Brazil tu, kuanzia Agosti hadi Julai. Maryland huhesabu popote ambapo mwavuli wa majani umetoweka, uwe umeondolewa na shoka, moto au upepo, kuanzia Januari hadi Desemba. Moto mkubwa wa 2024 ulishika kasi kuanzia Agosti, PRODES ikiwa imeshafunga daftari la mwaka. Na msitu ulioungua huku mashina yake yamebaki wima haukuwa umefyekwa kwa kipimo cha PRODES, ingawa kwa kipimo cha Maryland ulikuwa umepotea. Thuluthi mbili hivi ya upotevu wa Brazil katika hesabu ya Maryland ilitokana na moto. Ukilijua hilo, mgongano unayeyuka.

Ninaloshikilia ni kwamba hatuna upungufu wa macho angani. Tumepungukiwa na mambo mawili yaliyo chini kabisa: makubaliano ya wazi juu ya kitu tunachokihesabu, na watu wa kuingia msituni kupima miti kwa mikono. Bila hayo, kila satelaiti mpya itatuongezea ramani na kutuongezea ubishi. Jambo hili limekuwa zito kwa sababu sasa fedha zimefungwa kwenye pikseli, vile vijiraba vidogo vinavyounda picha ya satelaiti. Mfuko wa misitu ya tropiki uliozinduliwa Belém, Brazil, Novemba 2025, unaojulikana kwa herufi TFFF, unakusudia kuzilipa nchi kama dola 4 kwa mwaka kwa kila hekta ya msitu uliosimama, mizani ikiwa ni satelaiti, na makato yakifuata pale msitu unapofyekwa au kuungua. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila shehena ya kakao, kahawa, mawese, mpira, soya, mbao au nyama ya ng'ombe ijulikane imetoka shamba gani, na ithibitike kwamba shamba hilo halikuwa msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Zamani pikseli ikikosewa, aliyeumia alikuwa mtafiti na makala yake. Sasa ataumia mkulima.

Turudi nyuma kidogo. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Kwa miongo mitatu na zaidi picha zake ziliuzwa, na aliyetaka kufuatilia msitu mzima alilazimika kuchagua vipande vichache vya kununua. Mwaka 2008 Marekani ilizitoa bure, na mlango ukafunguka. Kufikia 2013 timu ya Maryland ikatoa ramani ya dunia nzima inayoonyesha, kwa vipande vya mita 30 kwa 30, mahali palipopoteza miti na mahali palipopata miti tangu mwaka 2000. Brazil ilikuwa imeshatangulia: PRODES inafanya kazi tangu 1988, na mwaka 2004 ikaongezwa DETER, mfumo wa kutoa tahadhari ili askari wa mazingira wafike ufyekaji ukiwa bado unaendelea. Mwaka huo wa 2004 Amazon ya Brazil ilipoteza kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012 ilipoteza 4,571. Satelaiti haikuleta mafanikio hayo peke yake, lakini bila satelaiti yasingewezekana, na yeyote anayebeza teknolojia hii anapaswa kuanza kwa kuieleza hesabu hiyo.

Sasa tuangalie satelaiti inaona nini hasa. Niliwahi kutumia asubuhi nzima kufuatilia historia ya pikseli moja ya Landsat kwenye ukingo wa msitu wa mvua, picha baada ya picha. Pikseli hiyo ni eneo la mita za mraba 900. Mti mmoja mkubwa wa tropiki, matawi yake yakitanda, unaweza kulijaza karibu lote. Satelaiti hairekodi mti. Hurekodi mwanga wa jua uliogonga pale na kurudi. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kuurudisha kwa wingi ule wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, na tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo hutupa kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI. Kwa miaka mingi pikseli yangu ilikaa juu, ikitetereka tu pale wingu lilipopita. Kisha msimu mmoja wa kiangazi ikaanguka ghafla: palifyekwa na kuchomwa. Baada ya misimu michache ya mvua ilikuwa imerudi juu kabisa, kana kwamba hapakutokea kitu. Ardhini palikuwa pameota miti ya haraka, ile laini yenye majani mapana ambayo huwahi nafasi: Musanga kule Afrika ya Kati, Cecropia Amerika ya Kusini. Msitu mkongwe hubeba tani mia tatu na zaidi za kuni na majani kwa hekta. Chipukizi wale walikuwa na sehemu ndogo tu ya uzito huo. Lakini majani yakishapangana tabaka tatu au nne, kipimo cha ukijani hujaa na kugota, kama ndoo iliyofika ukingoni. Ongeza miaka themanini ya ukuaji, namba haisogei.

Ndiyo maana hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile isemayo kwamba satelaiti zimethibitisha dunia inazidi kuwa ya kijani, basi hofu ya misitu imekuzwa. Ni kweli kwamba ukijani umeongezeka. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha China na India zikiongoza, India ikiongoza kwa mashamba yake zaidi ya kitu kingine, na China kwa mchanganyiko wa mashamba na miti iliyopandwa. Shamba linalovunwa mara mbili kwa mwaka ni la kijani. Shamba la michikichi lililochukua nafasi ya msitu wa Borneo ni la kijani, tena la kijani kilichoiva. Ukijani hukuambia kuna majani. Haukuambii ni majani ya nini, yameshikwa na shina la unene gani, wala kama chini yake bado kuna tembo wa kusambaza mbegu.

Kwa anayetaka mfano wa jinsi ukijani unavyoweza kuwapoteza hata wataalamu, upo ukame wa Amazon wa mwaka 2005. Mwaka 2007 watafiti walichapisha katika jarida la Science kwamba wakati wa ukame huo msitu ulizidi kuwa wa kijani badala ya kunyauka. Maelezo yao yalikuwa na mantiki: mawingu yakipungua jua huongezeka, na mizizi mirefu hupata maji chini. Mwaka 2010 timu nyingine ikarudia hesabu kwa data ya satelaiti ileile, ikachuja zaidi mawingu na moshi, na ule ukijani haukuonekana. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha katika Nature kwamba sehemu kubwa ya ukijani unaodhaniwa kuongezeka kila kiangazi ni suala la pembe: jua linapohama kwa majira, vivuli kati ya vilele vya miti hupungua, na msitu usiobadilika hung'aa zaidi machoni pa satelaiti. Baadaye kamera zilizofungwa kwenye minara juu ya msitu zikaonyesha kwamba miti mingi hubadilisha majani kiangazi kweli, na jani jipya hung'aa kuliko kuukuu. Kwa hiyo waliosema ukijani wa majira upo hawakukosea kabisa.

Huku mabishano ya angani yakiendelea, watu waliokuwa wamepima miti ileile kwa miaka mingi katika vipande vya kudumu vya msitu huo walirudi na futi zao za utepe. Majibu yao yalichapishwa mwaka 2009: miti ilikuwa imekufa, na ukame huo uliigharimu Amazon kati ya tani bilioni 1.2 na 1.6 za kaboni. Ukame mmoja, msitu mmoja. Angani tulibishana kwa karibu muongo mzima kuhusu rangi yake, na ardhini kulikuwa na mashina yaliyokauka, kila moja likiwa na namba yake.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipita haraka. Inasema satelaiti haina mwajiri msituni. Hainunuliki kwa chai, haiogopi mwenye bunduki, haipotezi faili. Mwaka 2019 Rais Jair Bolsonaro alidai takwimu za INPE ni za uongo, na mkurugenzi wake, Ricardo Galvão, akaondolewa Agosti mwaka huo. Lakini picha zilikuwa zimeshapigwa, na yeyote duniani aliweza kuzifungua na kuhesabu. Takwimu za mwaka huo zilipokamilika zilizidi kilomita za mraba 10,000, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2008. Daftari la ofisini lingeweza kufungiwa kabatini. Anga halifungiwi. Tena kuna maeneo, kama katikati ya bonde la Congo, ambako kutembea kila hekta ni ndoto. Ni sampuli za picha za satelaiti zilizotuonyesha mwaka 2018 kwamba takriban asilimia 84 ya eneo la msitu lililovurugwa katika bonde hilo kati ya 2000 na 2014 lilitokana na mashamba madogo ya jembe na panga, wakati wengi wetu tulikuwa tukiyafikiria makampuni ya magogo. Hoja hii naikubali yote. Kama shahidi wa ufyekaji mkubwa, satelaiti haina mpinzani.

Ninapoachana na wapenzi wa teknolojia ni pale wanaposema satelaiti za kizazi kipya zitaondoa haja ya kuingia msituni. Wanazungumzia satelaiti mbili za rada: Biomass, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya kutoka Kourou tarehe 29 Aprili 2025, na NISAR ya Marekani na India, iliyofuata tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Ni mashine za ajabu, na nilifurahi zilipofika salama. Rada haijali wingu wala usiku, na katika ukanda wa Ikweta wingu ndilo mwenye nyumba. Siri iko kwenye urefu wa wimbi. Wimbi la Sentinel-1, satelaiti ya rada ya Ulaya iliyotangulia, sentimita 5.6, hugonga majani na vijiti vya juu na kurudi. La NISAR, sentimita 24, hupenya hadi matawi. La Biomass, kama sentimita 70, hupita majani kama hayapo na kukutana na mashina na matawi manene, mahali penye uzito wenyewe. Kwa mara ya kwanza tuna chombo angani ambacho hakigoti mapema msitu unapokuwa mzito.

Lakini rada haina mizani. Inarudisha mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa tani kwa kulinganishwa na vipande vya msitu ambavyo uzito wake unajulikana. Unajulikanaje? Mtu huzungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, au juu zaidi kama mti una mizizi mbawa, na ikibidi hupanda ngazi. Hukadiria urefu, hutambua aina ya mti ili ajue uzito wa ubao wake, kisha huingiza vyote kwenye mlinganyo. Mlinganyo unaotumika zaidi katika nchi za tropiki, uliochapishwa mwaka 2014, umejengwa juu ya miti 4,004 iliyoangushwa, ikakatwa vipande na kupimwa uzito katika maeneo 58. Miti elfu nne, kwa ajili ya ukanda mzima wa tropiki. Usione vyaelea, vimeundwa: ramani nyingi za kaboni tunazozitazama kwenye skrini zinasimama juu ya jasho la watu wale walioburuta magogo hadi kwenye mizani. Kiwanja cha sampuli kikiwa na makosa, au kikiwa hakijapimwa kwa miaka kumi, satelaiti ya mamia ya mamilioni ya yuro itarithi kosa hilo na kulitandaza juu ya bara zima.

Kuna pia wanaosema teknolojia hii ni rungu la nchi tajiri, njia mpya ya kuwaambia watu wa tropiki wasilime. Tatizo wanaloliona lipo kweli, ila wanailaumu picha, na picha ni bure kwa kila mtu. Rungu limefichwa kwenye tafsiri ya neno msitu. Kwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta lenye miti ya zaidi ya mita 5 ambayo mwavuli wake unafunika zaidi ya asilimia 10. TFFF imechagua kizingiti cha juu zaidi, kati ya asilimia 20 na 30. Baina ya namba hizo kuna mapori makavu ambayo yanaweza kuwa msitu kwa kipimo kimoja na yasiwe msitu kwa kingine, bila jani hata moja kubadilika. Na kuna kahawa na kakao zinazolimwa chini ya vivuli vya miti mikubwa. Kutoka juu, shamba la namna hiyo hufanana na msitu. Mkulima akipunguza vivuli ili mibuni ipumue, ramani inaweza kuandika kwamba amefyeka. Shamba la nusu hekta ni pikseli tano au sita za Landsat, na karibu zote zinachanganya shamba lake na la jirani. Anayejua kazi hii hatoi hukumu kwa pikseli sita. Hata eneo la nchi nzima halipatikani kwa kujumlisha pikseli za ramani. Wataalamu huchukua sampuli, huzikagua moja moja kwa jicho, kisha hutoa makadirio pamoja na kiwango cha shaka. Tatizo ni kwamba kile kiwango cha shaka huwa cha kwanza kudondoka takwimu zinaposafiri kutoka maabara kwenda kwenye mkataba.

Hapa ndipo matokeo yake yanaponitisha. Mfumo wa malipo unaopima ufyekaji na moto, lakini usioona vizuri mti mmojammoja unaong'olewa, unaacha mwanya mpana. Mwavuli wa mkangazi mmoja uliokatwa huzibwa na majani ya majirani zake ndani ya mwaka mmoja au miwili, na pikseli haikumbuki. Nchi inaweza kulipwa kwa hekta ambayo miti yake ya thamani imekwisha. Upande mwingine yupo mkulima wa bonde la Congo anayelima, anaacha ardhi ipumzike, na kurudi baada ya miaka mingi. Kwenye ramani za upotevu kila mzunguko wake unaweza kuandikwa kuwa hasara, ilhali msitu mchanga unaorudi baada yake, kwa jinsi unavyokua polepole, ni mgumu kuugundua kutoka angani. Mizani inayowaona waliofyeka nusu hekta ili wale na kuwakosa waliotoa magogo makubwa kwa mpangilio haiwezi kuitwa ya haki, hata ikiwa sahihi kwa asilimia tisini na kitu.

Dawa si kusubiri chombo kingine. Kila mkataba unaolipa au kuadhibu kwa kutumia satelaiti utenge fungu la kudumu la kupima msitu ardhini, na uwalipe wanaoishi humo kuifanya kazi hiyo. TFFF imeahidi angalau asilimia 20 ya malipo yake kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kuwa mishahara ya wapimaji, ili mwenye msitu awe na takwimu zake mkononi siku ramani inapomtuhumu. Mwaka 2020 ni viwanja 244 vya misitu ya Afrika na 321 vya Amazon vilivyotuonyesha kwamba uwezo wa misitu isiyoguswa kunyonya kaboni ulifikia kilele miaka ya 1990, na kwamba Amazon imekuwa ikiupoteza tangu wakati huo huku Afrika ikishikilia kwa muda mrefu zaidi. Mabadiliko hayo yalitokea chini ya mwavuli wa kijani kilekile, na hakuna tahadhari ya satelaiti iliyolia.

Biomass imepangiwa kufanya kazi kwa miaka mitano hivi. Katika muda huo viwanja hivyo vitahitaji kurudiwa: rangi iliyopakwa kwenye mashina ili mpimaji azungushe utepe palepale pa mwanzo itakuwa imefifia, vibati vya namba vitakuwa vimemezwa na magome, na baadhi ya waliojua kila mti kwa jina lake watakuwa wamezeeka. Ratiba ya satelaiti imeshapangwa, na fedha zake zilishatoka. Ya wapimaji, katika sehemu kubwa ya misitu ya tropiki, bado inategemea kama kutakuwa na ufadhili mwakani.